Kesi ya Mchicha wa Nyongeza

"Mchicha unanipimia kama dhahabu! Mimi, Tabu! Mimi niliyekushika kiuno ukijifungua, leo unanipa fungu kavu kama mpita njia!"

"Shoga, siyo mimi. Ni Jiji."

"Jiji lina mkono? Mkono niliouona ni wako, Somoe, na hina yake ni ya harusi ya mwanangu! Nimekwambia, haya, niongeze basi. Ukanijibu nini? Waambie hawa ulinijibu nini."

"Nilikujibu hairuhusiwi."

"Mmesikia? Hairuhusiwi!"

Hawa waliotajwa ni sisi majirani, ambao tulikuwa tumesimama hapo kwa bahati tu. Mimi nilikuwa naanua nguo, ingawa kamba yangu iko upande wa pili wa nyumba. Mwenzangu mmoja alikuwa anamtafuta kuku wake, na kuku mwenyewe alikuwa kwapani mwake. Tulitikisa vichwa kwa masikitiko, tukasogea karibu ili tusikitike vizuri zaidi.

"Kuanzia leo," Bi Tabu alisema, akitupia upande wa kanga begani, "usinijue, nisikujue. Nikifa usije kunilia. Waje wanilie hao Jiji."

Akaingia ndani. Bi Somoe akabaki amesimama, anatazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine aliyemwomba amshikie kidogo.

Msije mkafikiri mtaa wetu wa Subirini ni mtaa wa wagomvi. Tulikuwa tunaishi vizuri kabisa mpaka serikali ilipotuhurumia.

Nchi yetu sitaitaja jina, kwa sababu lilibadilishwa juzi na huenda likabadilishwa tena kabla hamjamaliza kusoma. Lakini ni nchi inayojali sana matumbo ya wananchi wake. Ndiyo maana Jiji lilimtuma ng'ambo Mkurugenzi wa Idara ya Ubichi wa Vyakula, Mheshimiwa Dakta Lameki Ngwegwe, akajifunze jinsi watu wanavyokula mboga. Alikaa huko sana, kwa kuwa somo lilikuwa gumu, hata mkewe na shemeji zake ikabidi wapelekwe kumsaidia kutafuna. Aliporudi alituita uwanjani akatueleza kwamba wenzetu wamegundua jambo kubwa: mkulima analima mboga yake, anaileta mjini, na mtu wa mjini anainunua kwake ikiwa mbichi.

Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Wengi wetu tulikuwa na vikapu vya mboga tuliyoinunua asubuhi ile kwa mkulima, lakini hatukuwa tumejua kwamba ule ulikuwa ugunduzi.

Basi likajengwa Soko la Jiji la Wakulima. Likazungushiwa ukuta ili ubichi usitoroke, likawekewa miavuli ya kijani, na kipaza sauti cha kuwaeleza wanunuzi kwamba wanafurahi. Kila mkulima alipewa kofia ya majani, mfano wa ile iliyoonekana pichani ng'ambo. Kofia zenyewe ziliagizwa kutoka huko huko, kwa sababu zile zinazosukwa na wanawake wa mtaa wa pili zilionekana zimesukwa vizuri mno, hazina sura ya ukulima.

Na kwa faida ya wauza mboga, kuuza mboga kukapigwa marufuku. Barazani marufuku, kichochoroni marufuku, kichwani kwenye sinia marufuku. Anayetaka kuuza sharti awe na meza sokoni. Asiye na meza, kwa mujibu wa sheria, ni mzururaji aliyebeba majani.

Bi Somoe alipata meza. Yeye ni mjane, ana bustani nyuma ya nyumba, kando ya kisima, na ana watoto wanaokula kwa bidii. Mchicha wake ni laini, unaiva ukiutazama tu. Meza ile ndiyo ilikuwa ugali wake, sare za shule na mafuta ya taa. Bi Tabu naye aliomba meza ya bamia, akanyimwa. Wakaguzi waliziona bamia zake zimepinda kuliko za pichani. Hakumwonea shoga yake wivu, au alimwonea kidogo tu, kile kiasi cha kawaida cha chumvi.

Sasa, kuna jambo ambalo msomaji wa kwetu sina haja ya kumweleza, lakini wakubwa nao husoma, kwa hiyo acha nieleze. Kwetu mtu akinunua fungu, husema, "Niongeze." Muuzaji hulalamika kwamba anafilisiwa, huku mkono wake tayari umeshachota majani kadhaa na kuyatupia kapuni. Ndiyo nyongeza. Siyo bei wala siyo punguzo. Ni namna ya kuambiana kwamba kesho tutaonana. Kununua bila nyongeza ni kama kutoka msibani bila kuaga: hakuna sheria uliyovunja, ila watu watakutazama mgongo.

Siku moja Mheshimiwa Ngwegwe alikuwa anakagua furaha ya wanunuzi, akamwona mama mmoja akiongeza nyanya.

"Hiyo ni nini?"

"Nyongeza, Mheshimiwa."

"Ya nini?"

Yule mama alifikiri sana, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumuuliza. "Ya nyongeza," akasema.

Mheshimiwa alibadilika rangi. Alikwenda moja kwa moja kwenye kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Nimeshuhudia, kwa macho yangu yaliyosomeshwa kwa kodi zenu, kitu kikitoka kwa mtu kikaenda kwa mtu, bila sababu yoyote! Kitu kinachotolewa bila sababu, kitaalamu, kinaitwaje?"

"Ukarimu!" akapiga kelele muuza viazi.

"Rushwa!" akanguruma Mheshimiwa. "Leo mtoto anaongezewa nyanya. Kesho, akizoea, ataomba kuongezewa barabara! Keshokutwa ataomba kuongezewa dawa hospitalini! Tutafika wapi, ndugu zangu, na nchi yenyewe ndiyo hii hii?"

Tuliogopa kweli. Hatukuwa tumejua kwamba barabara zetu ziko hivyo kwa sababu ya nyanya.

Mama mmoja mwenye ulimi akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, samahani. Na lile gari ulilopewa na mwenye miavuli?"

Mheshimiwa akatabasamu kama mwalimu aliyeulizwa swali alilojiandaa nalo. "Mama, swali zuri sana. Gari lile nililipokea kabla miavuli haijanunuliwa. Kinachotolewa baada ya biashara ni nyongeza, na nyongeza ni rushwa. Kinachotolewa kabla ya biashara ni utangulizi, na utangulizi ni adabu."

Tuliridhika. Ndipo ikatangazwa kwamba atakayekamatwa akiongeza atanyang'anywa meza yake, na asahau kupata nyingine.

Hiyo ndiyo sababu Bi Somoe alimnyima nyongeza Bi Tabu, na ndiyo sababu mimi nilianua nguo mbichi siku ile.

Asubuhi yake Bi Tabu alikwenda sokoni kama kawaida, tena kwenye meza ile ile, maana kununa ni kununa na mchicha mzuri ni mchicha mzuri. Lakini alisimama kiubavu, akazungumza na mwavuli.

"Mwambie mwenye meza anipe fungu moja."

"Mwambie mteja achague," Bi Somoe naye akauambia mwavuli.

"Mwambie achague mwenyewe, si ndiye anayejua sheria?"

Bi Somoe akachagua. Akalitia fungu kapuni. Bi Tabu hakusema niongeze. Aligeuka aondoke, na mgongo wake ulivyokuwa unaondoka, wallahi, ulikuwa mgongo wa mtu anayeondoka moja kwa moja. Nilikuwa meza ya pili, nachagua bilinganya. Nilimwona Bi Somoe akitazama kushoto, akitazama kulia. Kisha mkono ukaenda wenyewe. Gao la mchicha likaruka, likaangukia kapuni.

Bi Tabu akasimama. Hakugeuka, lakini shavu moja lilicheka.

Filimbi ikalia.

Kutoka nyuma ya maboga alitokea Afande Mbwiga, Askari wa Ubichi, amevaa kofia ya majani juu na buti za kiaskari chini. Alikuwa amekaa pale kwa muda, hana cha kuuza, anakodoa macho. Sisi tulidhani ni mkulima kutoka mkoa wenye ukame, na wengine tulikuwa tunampa ndizi kwa huruma.

"Nimeona!" akasema, akitema ganda. "Imeruka! Nimeiona ikiruka!"

Meza ya Bi Somoe ikapinduliwa miguu juu, ikafungwa kamba, ikabebwa kwenda Idarani kama mshukiwa. Yeye mwenyewe akarudi nyumbani na beseni la mchicha ambao kuuza hakuna ruhusa na kula wote haiwezekani. Kesi ikapangiwa siku.

Afande ndiye mshtaki, na sisi tuliokuwa tunachagua bilinganya hatukuona kitu; shahidi alikuwa mmoja tu, Bi Tabu.

Mwanasheria wa Jiji alikuja kwa Bi Tabu mchana kweupe, na kwa kuwa dirisha la Bi Tabu na la kwangu yanatazamana, na mimi nilikuwa nimeinama chini ya langu natafuta sindano, nilisikia yote.

"Mama, Jiji linahitaji neno moja tu kutoka kwako. Useme: aliniongezea. Basi."

"Nikisema?"

"Meza ile itabaki tupu. Na meza tupu, mama, inaliharibia soko sura. Jiji lingependa ikaliwe na mtu mzalendo. Nasikia unalima bamia."

"Bamia zangu si zimepinda?"

"Zimechunguzwa upya. Imeonekana ni picha ndiyo iliyonyooka kupita kiasi."

"Yaani nipewe meza ya Somoe."

"Kabla ya ushahidi, mama. Kabla! Baada itakuwa rushwa, na Jiji haliwezi kukubali."

"Nitafikiri," alisema Bi Tabu.

Neno hilo lilifika mwisho wa mtaa kabla mwanasheria hajafika kwenye gari lake. Sijui lilifikaje. Watu wakagawanyika. Wengine walisema Tabu atamwuza shoga yake, kwa sababu bamia zinamuuma. Wengine walisema hawezi, kwa sababu atakosa wa kugombana naye. Mimi nilimfuata Bi Somoe, nikamkuta mlangoni anachambua mboga ambayo hana pa kuipeleka.

"Nenda kamwombe," nilimwambia. "Mpigie magoti hata kidogo."

"Nikimwomba, Jiji litasema nimemhonga. Nisipomwomba, yeye atasema najivuna." Akatupa jani bovu. "Acha nichambue mboga, mwenzangu. Watoto wameanza kuniuliza kwa nini tunakula mchicha asubuhi."

Hakulia. Lakini alichambua jani moja mara nyingi.

Siku ya kesi, Baraza la Ubichi lilikaa chini ya miavuli. Katikati Mheshimiwa Ngwegwe, kuliani mwanasheria, kushotoni Afande Mbwiga ambaye sasa amevaa kofia yake halisi, na nyuma yao bwana mmoja mwembamba ambaye kazi yake ni kumfuata Mheshimiwa na kipaza sauti, neno la hekima lisije likaanguka chini likapotea. Bi Tabu alikuja amejifunga kanga mpya, uso umefungwa zaidi.

"Shahidi," alisema Mheshimiwa. "Uliongezewa au hukuongezewa?"

Bi Somoe alikuwa anatazama chini. Bi Tabu akamtazama yeye, akaitazama ile meza iliyofungwa kamba, akarudi kwa Mheshimiwa.

"Mheshimiwa, kapuni mwangu uliingia mchicha."

"Wa fungu au wa nyongeza?"

"Ukishaingia kapuni, baba, mchicha haukumbuki ulikotoka."

Watu wakacheka. Mheshimiwa akagonga meza. "Uko wapi huo mchicha? Uletwe hapa!"

"Tuliula."

"Mmekula ushahidi?"

"Na ugali."

"Wote?"

"Mheshimiwa, mchicha hauna kesho."

Mwanasheria akamnong'oneza Mheshimiwa kwamba bila kielelezo hakuna kesi, na kwamba waandishi wa magazeti wameshafika na wameahidiwa chai. Mheshimiwa alivimba. Kuiachia kesi ingekuwa ni kuiongezea heshima nyongeza.

"Mimi," alisema, akisimama, "nimesomea ubichi ng'ambo! Mchicha wa fungu tupu na mchicha wa fungu lenye nyongeza ni vitu viwili tofauti kitaalamu. Shahidi atapika tena vile vile alivyopika. Baraza litaonja. Na ulimi huu utasema kama kosa limetendeka!"

"Basi karibuni nyumbani," alisema Bi Tabu kwa upole ambao mimi, ninayemjua, ulinitia wasiwasi.

Ikaamriwa pia kwamba mshtakiwa abaki nje ya nyumba, asije akaushawishi mchicha.

Msafara ulifika Subirini na vumbi lake. Mchicha ulichumwa kwenye bustani ya Bi Somoe mbele ya Afande, ukakatwa mbele ya Afande, ukapikwa mbele ya Afande, ambaye aliulinda kwa pua mpaka macho yakamtoka machozi. Baraza likakaa mkekani. Sisi wengine tulikuwa tunapita tu karibu na dirisha, na kwa kuwa njia ni nyembamba, tukasimama kupishana. Bi Somoe alikaa juani, juu ya jiwe la kufulia, kule nje, na watoto wake wameegemea magoti yake.

Kijiko cha kwanza Mheshimiwa alikionja amefumba macho.

"Naliona fungu," alisema. "Nyongeza bado siioni."

Kijiko cha pili alikitafuna kwa upande. Mwanasheria akasema kwamba kisheria lazima naye aonje, na wa kwake uwe na mchuzi, kwa sababu ndani ya mchuzi ndimo ukweli hujificha. Afande akaonja kwa niaba ya vyombo vya usalama. Kisha ikaonekana ushahidi hauwezi kuchunguzwa ukiwa peke yake, mazingira ya tukio yalikuwa na ugali, ukaletwa ugali. Yule wa kipaza sauti alikisogeza sahanini ili kumbukumbu za utafiti zipatikane, na spika iliyokuwa juu ya gari nje ikatangazia mtaa mzima sauti ya serikali ikitafuna.

Polepole maneno yakaisha. Mheshimiwa alifungua kifungo cha koti, halafu cha shingo. Sura yake ya kidakta ikateremka, ikabaki sura ya mtoto wa mtu fulani, aliyelelewa kwenye nyumba kama hizi hizi, na mama kama hawa hawa. Akapangusa sahani kwa tonge la mwisho. Na bila kuinua macho, akainyoosha ile sahani kuelekea jikoni.

"Mama, niongeze kidogo."

Spika ikairudia juu ya mapaa. *Niongeze kidogo.*

Nilisikia mtaa wote ukivuta pumzi. Kule juani, Bi Somoe aliinua kichwa.

Bi Tabu alikuwa ameshika upawa umejaa, umesimama hewani katikati ya sufuria na sahani. Hakuusogeza mbele, hakuurudisha nyuma.

"Nikuongeze, Mheshimiwa," aliuliza, "au nimwite Afande?"

Afande alikuwa pale pale, ila mdomo ulikuwa umejaa, filimbi isingeingia.

Mheshimiwa akautazama upawa. Akalitazama dirisha, ambalo sasa lilikuwa vichwa vitupu. Akautazama tena upawa, na nadhani upawa ulikuwa na nguvu kuliko dirisha, kwa sababu mchuzi ulikuwa unadondoka. Mwanasheria akajisogeza, wakanong'onezana, na kipaza sauti kikatuletea vipande: "... haiwezi kuitwa ..." "... uhakiki ..." "... kabla haujapoa ..."

Mheshimiwa akakohoa.

"Baraza limebaini," alisema, sahani bado imenyooshwa, "kwamba kilichoombwa hapa siyo nyongeza. Ni uhakiki. Na kwa kuwa imethibitika kisayansi kuwa mchicha hauwezi kuhakikiwa mpaka uongezwe kidogo, Baraza linaona kwamba mshtakiwa naye siku ile alikuwa anahakiki tu. Arudishiwe meza yake. Serikali yenu, ndugu wananchi, ni sikivu." Akageukia jikoni. "Mama, endelea kuhakiki."

Bi Tabu akamhakikia. Akamhakikia na mwanasheria. Nje tulishangilia hadi kuku wa yule mwenzangu akatoroka kweli.

Waliila sufuria mpaka ikang'aa, wakanawa, wakapiga picha na sufuria. Kabla ya kuondoka Mheshimiwa alitangaza kwamba Jiji litaunda Kitengo cha Uhakiki, chenye miavuli yake. Siku hizi ukienda Soko la Jiji utasikia wanunuzi wakisema, "Nihakikie basi," na wauzaji wakilalamika kwamba wanafilisiwa kwa uhakiki, huku mkono umeshachota. Wageni huandika kwamba wananchi wetu wanapenda sana taratibu.

Msafara ulipoondoka na vumbi lake, watu wakaanza kutawanyika. Mimi sikutawanyika haraka. Bi Somoe bado alikuwa kwenye jiwe la kufulia, hajui kama amri ya kukaa nje imekwisha au imesahauliwa. Bi Tabu akatoka mlangoni akifuta mikono kwa kanga ile mpya.

"Wewe. Unangoja nini juani kama papa wa kuanikwa?"

"Nimeambiwa nisiingie."

"Waliokuambia wameshakwenda zao."

Wakatazamana. Hakukuwa na mwavuli wa kuzungumza nao.

"Meza walitaka kukupa," alisema Bi Somoe. "Najua walitaka. Mtaa mzima unajua."

Bi Tabu akanitupia jicho, sijui kwa nini. "Walitaka. Sasa mimi nikikaa kwenye meza yako, nitamgombeza nani sokoni? Mwavuli?"

Bi Somoe akacheka, na kicheko kikamtoka pamoja na machozi ambayo siku zote zile hakuyatoa. Akajifuta haraka kwa kiganja. "Haya, shoga. Mungu akulipe. Acha niende nikawatafutie watoto chochote. Mchicha wenyewe Baraza limeumaliza, nimesikia spikani wakiparuza sufuria."

"Waliyoiparuza ni sufuria ya Baraza." Bi Tabu akawashika mikono wale watoto, mmoja huku mmoja huku, akawasukumia mlangoni. "Wewe Somoe tangu lini umeona mtu mwenye akili anapika sufuria moja akitembelewa na wakubwa? Nyingine iko uvunguni, nimeifunika na kanga. Ya nazi, dagaa juu. Ingia ndani tule, upesi, kabla upepo haujampelekea Afande harufu. Na huyo anayeanua nguo mwambie naye aache kuanua, aje ale."